Kliniki ya meno ya watoto hapa Mbeya: wanaangalia mzizi kwanza, kung'oa baadaye

Niseme mapema tu, naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyoikata ni ya ngazi na foleni, kwenye matibabu sina neno. Ni kliniki ya binafsi iko upande wa Soweto, ghorofani, daladala za Uyole zinakushusha jirani kabisa na ukitokea Mwanjelwa hata bajaji haikuli hela nyingi. Jina silibandiki hapa kwa sababu sijawaomba ruhusa wenyewe, ila nitaelezea kwa kirefu walichofanya ili hata kama uko Iringa, Njombe, Tukuyu au Kyela ujue cha kudai siku mtoto wako akikalishwa kwenye kile kiti.

Kilichonikosha pale ni kwamba wanaheshimu mzizi wa jino la utoto. Hilo tu. Sijawahi kukutana nalo sehemu nyingine na kwangu mimi ndo limebeba kila kitu.

Huku kwetu watu wengi wanaamini jino la utoto halina mzizi, na ukifikiria unaona kabisa wanapoitoa hiyo imani, maana jino likianza kucheza mtoto analisukuma na ulimi we mpaka linatoka lenyewe, ukiliweka kiganjani unaona kichwa tu, chini pamekatika, kingo zinakwaruza na katikati kuna kashimo kenye damu kidogo, hamna kitu kirefu chochote. Mtoto analirusha juu ya bati, yameisha. Basi mzazi anajiambia kama hamna mzizi hili limeshikiliwa na fizi tu, likioza ling'olewe, si litaota lingine. Nimeyasikia kwa mama zangu, kwa majirani, mpaka kwa walimu.

Sasa dokta wa pale ana kikopo kwenye droo, ndani kuna meno ya utoto yaliyong'olewa kwa sababu mbalimbali, yameoshwa yamekauka. Akachukua gego moja akaniwekea juu ya kitambaa. Aisee. Kichwa chenyewe kidogo, kifupi, shingo imebanwa, halafu kuanzia hapo mizizi mitatu imeshuka mirefu, myembamba, ya njano njano, na imetanuka nje kila mmoja na upande wake mpaka upana wa mizizi umezidi upana wa jino lenyewe. Akanambia hili ni la juu, ya juu yana mizizi mitatu, ya chini yana miwili, na hili lilitoka kwa mtoto wa miaka 5. Akaweka pembeni yake lingine, gego la aina hiyo hiyo lakini lilidondoka lenyewe kwa mtoto wa miaka 10, halina mzizi hata mmoja. Akaniuliza, mama, mizizi ya hili la pili imeenda wapi?

Imeliwa. Jino la ukubwani linalokua chini yake likianza kupanda, mwili unatoa seli maalumu ambazo kazi yake ni kumeng'enya mzizi wa jino la utoto kuanzia chini kwenda juu, taratibu, miaka na miaka, na siku mzizi ukiisha ndo unasikia mtoto anasema mama jino langu linacheza. Kwa meno ya mbele kazi hiyo inaanza mtoto akiwa na miaka kama 4 au 5 hivi wakati wewe nje huoni dalili yoyote. Yaani lile jino tupu linalorushwa batini lilikuwa na mzizi maisha yake yote, limekuja kuupoteza mwishoni kwa sababu lilimaliza kazi yake.

Na kuujenga huo mzizi nako ni kazi ndefu. Vichipukizi vya meno ya utoto vinaanza mimba ikiwa na wiki kama 6, mimba ikifika mwezi wa 4 hivi vichwa vya meno vinaanza kupata madini vinakuwa vigumu, kwahiyo mtoto anavyozaliwa na fizi tupu, ndani ya taya meno yake yote 20 yapo yanaendelea kujengwa, na hata yale magego ya kwanza ya ukubwani yameshaanza. Jino la chini la mbele likichomoza, kwenye miezi 6 mpaka 10 hivi, mzizi wake haujaisha, umefika nusu au umezidi kidogo, ncha bado iko wazi. Unaendelea kujengwa ndani ya mfupa mpaka kama mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya jino kuonekana. Ndo maana meno ya mbele mizizi yake inakamilika mtoto akiwa na mwaka na nusu kwenda miwili, gego la kwanza linakamilika kwenye miaka miwili na ushee, gego la pili miaka 3, chonge ndo la mwisho kabisa, miaka 3 na miezi kadhaa. Baada ya hapo kuna kipindi cha utulivu, mzizi umekamilika na haujaanza kuliwa. Kila kitu anachoamua daktari kinategemea mtoto wako yuko sehemu gani ya hiyo safari, na ndo hapo nilipoona tofauti ya watu.

Kijana wangu ana miaka 6. Gego la pili la chini, upande wa kushoto, lilitoboka, akila kitamu au akinywa maji ya baridi (na maji ya Mbeya mnayajua mwezi wa sita yalivyo) anashika shavu, analia kidogo, halafu linatulia. Sehemu ya kwanza tuliyopita sitaitaja. Tulikaa sana kwenye benchi, tulivyoingia aliyetupokea akamulika na tochi ya simu, akasema hili la utoto ling'olewe, nenda kalipie dirisha lile pale. Hakuuliza umri. Hakuuliza linauma saa ngapi, likianza linachukua muda gani kutulia. Nikamuuliza hivi likitoka sasa hivi lingine linaota lini, akasema litaota tu mama usijali. Nikachukua dawa ya maumivu nikaondoka na mwanangu, kwa kweli niliumia maana nilijua kuna wazazi wangapi hapo nyuma yangu kwenye benchi watakubali kwa sababu mtu aliyevaa koti jeupe kasema.

Huku Soweto maswali yalikuwa mengi mpaka kijana akaanza kujibu mwenyewe. Linauma lenyewe usiku umelala, au ukila tu? Likiuma linaacha haraka au linaendelea? Dokta akanieleza kwanini anauliza, kwamba maumivu yanayokuja na chakula na kuacha mara nyingi yanaonyesha neva ya jino bado iko hai, ila yale ya kumuamsha mtoto usiku bila sababu yanaashiria neva inakufa, na matibabu yake ni tofauti. Akabonyeza fizi kuangalia kama kuna uvimbe au kijipu, akagonga jino polepole na mpini wa kioo, akalitikisa kuona kama linacheza. Ndo tukaenda eksirei. Wana ile ndogo ya kuweka kitu mdomoni, mtoto anavalishwa koti zito la kumkinga kuanzia shingoni, bonyeza, imeisha, picha iko kwenye kompyuta.

Hiyo picha nitaikumbuka. Dokta akaizungusha skrini ikatuangalia sisi, akaanza kutuonyesha na ncha ya kalamu. Jino lililotoboka lile pale, tundu linaonekana jeusi, limekaribia chumba cha neva lakini halijazama sana. Mizizi miwili imesimama, mizima mpaka nchani, imetanuka, na katikati yake pale chini kuna kitu cheupe kimezungukwa na kaduara keusi, kimekaa kimetulia. Akasema hicho ndo kichwa cha jino lake la ukubwani, mizizi ya jino la utoto imelikumbatia kama kuku aliyelalia yai. Kichwa hicho kilikuwa kinakaribia kukamilika na chenyewe mzizi hakina hata kidogo, maana jino lile zamu yake ya kutoka ni miaka 10 mpaka 12. Mwanangu akasogea akaweka kidole kwenye skrini akauliza, hilo ni langu? Dokta akamwambia ni lako, ndo unalitunzia nyumba.

Halafu akaonyesha nyuma yake. Kuna jino kubwa linakuja, gego la kwanza la ukubwani, wanaita gego la miaka 6. Hili wazazi wengi linawapita kwa sababu linaota nyuma kabisa ya magego ya utoto bila jino lolote kudondoka, kwahiyo mtu anaona jino jipya na anajua ni la utoto, likitoboka anasema litadondoka. Halidondoki hilo, ndo la maisha. Na lina tabia, ukiling'oa gego la pili la utoto mapema hilo la nyuma halina kizuizi, linaegemea mbele linakalia nafasi ya mwenzake aliye chini, akija kutaka kutoka kwenye miaka 11 anakuta mlango umefungwa, ndo unaona mtoto meno yamepandana au jino limebaki ndani ya mfupa. Nikamuuliza je kama lingekuwa limeharibika kabisa, akasema basi lingetoka, ila ningemwekea kifaa cha kushikilia nafasi mpaka mwenyewe afike.

Kitu alichosema hapo nikakielewa vizuri sana ni hiki: tundu hili hili, jino hili hili, kijana angekuwa na miaka 11 na mizizi imeshaliwa yote, nisingehangaika nalo, ningekwambia mama lisubiri lidondoke au nilitoe dakika moja. Ana miaka 6, mizizi mizima, jino lina miaka minne au mitano ya kazi mbele yake, hapo tunaliokoa.

Na wakaliokoa. Walianza na dawa ya kupaka fizi ife ganzi juu juu ndo sindano ikafuata, alilia kidogo ile ya sindano ila nesi alikuwa anampigisha stori za mpira muda wote. Wanachofanya ni kutoa ile neva ya ndani ya kichwa cha jino peke yake, ya kwenye mizizi inaachwa hai, wanaweka dawa juu yake, wanaziba, halafu wanavalisha kofia ya chuma juu ya jino zima. Nikauliza kwanini wasitoe yote wamalize, jibu lake ndo linanifanya niandike haya yote: mzizi ulio hai unajua lini uanze kuliwa, ukifika wakati wake utayeyuka kawaida na jino la chini litapita. Neva ikiwa imekufa mpaka kwenye mizizi, huwa wanasafisha njia za mizizi na kujaza dawa laini ambayo mwili unaweza kuimeng'enya pamoja na mzizi wenyewe, hawatumii ile ya kujaza meno ya watu wazima kwa sababu mzizi ukiisha ile ingebaki mle ndani, kizuizi kwa jino jipya. Mimi nilidhani matibabu ya mtoto ni yale yale ya mkubwa kwa vifaa vidogo, kumbe yana hesabu zake tofauti kabisa.

Kofia inang'aa ya fedha, dogo anaipenda, shuleni anafungua mdomo kila mtu aone. Anakula mahindi ya kuchoma upande huo bila wasiwasi. Na wamenambia siku jino likidondoka linaondoka na kofia yake.

Mdogo wake naye alitupeleka pale kwa lake. Anakaribia miaka 3, alidondoka kwenye ngazi ya baraza akakita mdomo, damu, jino la juu la mbele limezama ndani ya fizi limebaki kijincha. Nilipiga simu nikiwa bado nimempakata, aliyepokea hakunambia lete tu, alinielekeza kabisa: bonyeza na kitambaa safi chenye maji baridi, usilivute, usijaribu kulirudisha, angalia kama ana jeraha la kichwani au ametapika au kasinzia vibaya, kama ni hivyo hospitali kubwa kwanza meno baadaye. Akanambia na kingine ambacho naomba kila mzazi akikariri, jino la utoto likitoka zima zima na mzizi wake usilirudishe shimoni kamwe, maana unaweza kulijeruhi lile changa lililo ndani. La ukubwani ndo kinyume chake, unalishika kichwani sio mzizini, likiwa na uchafu unalisuuza kidogo tu bila kusugua, unalirudisha hapo hapo, au ukishindwa weka kwenye maziwa na ukimbie kwa daktari wa meno, dakika zinahesabika.

Eksirei ilionyesha mzizi wa jino la binti umesukumwa upande wa mdomo wa juu, mbali na jino la ukubwani ambalo linakaa nyuma yake upande wa kaakaa. Dokta akasema tuna bahati, ungeelekea nyuma ndo lingekuwa jambo lingine. Dawa yake? Kusubiri. Uji, ndizi za kupondwa, viazi laini, mswaki laini, fizi isafishwe, na jino likae mwangalizi wake ni sisi. Kiukweli baba yake hakuelewa, alitaka kitu kifanyike, ukilipa unataka uone mtu ameshika chombo. Dokta akamjibu kwa heshima tu, baba, meno mengi ya namna hii yanashuka yenyewe ndani ya miezi kadhaa, nikilichokonoa leo ninaweza kuumiza la chini ambalo ndo la kwake mpaka uzee. Na limeshuka kweli. Limekuwa la kijivu, wanasema rangi peke yake sio sababu ya kuling'oa, tunachotakiwa kuangalia ni kijipu kwenye fizi, uvimbe, au maumivu.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakutuficha. Alisema wazi kwamba kichwa cha jino la ukubwani la mbele kinaendelea kutengenezwa mpaka mtoto ana miaka 4 au 5, kwahiyo kishindo cha leo kinaweza kuja kuonekana kwenye miaka 7 jino likitoka na baka jeupe au la kahawia, na akaandika kwenye faili ili akikutana nalo daktari mwingine asihangaike kutafuta chanzo. Mtu anayekwambia leo kitu kitakachoonekana miaka minne ijayo, mimi huyo namwamini.

Sasa niwaambie na la kwenye benchi la kusubiria, maana hili ndo liliniuma. Alikuja mama mdogo kabisa na kichanga, ameongozana na bibi yake, mtoto ana homa na anaharisha, na wameambiwa huko walikotoka kwamba ana meno ya nailoni yatolewe. Wanaofahamu wanajua, hii imani ipo sehemu nyingi nchini, mtoto akiugua wanaangalia fizi wanaona vivimbe vyeupe sehemu ya chonge, wanasema ndo ugonjwa, mtu anavichokoa na spoku ya baiskeli au kisu au msumari, bila ganzi. Wanachokitoa kile ni chonge ya utoto yenyewe. Mtoto ana miezi michache, jino bado laini halijakomaa, ndo maana likitolewa linaonekana laini na jeupe watu wanasema umeona, nailoni. Nesi hakuwacheka wala hakuwafokea. Alimsalimia bibi shikamoo, akakaa chini usawa wao, akachukua ile taya ya plastiki ya kufundishia akamwonyesha bibi chonge ya utoto inakaa wapi na nyuma yake chonge ya ukubwani inaanza wapi, akasema ukichokonoa hapa unaua moja na la pili unaweza kulipindisha au kuliharibu, na mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi ya damu au pepopunda, na watoto wanakufa. Halafu akasema kuharisha huku kunatibiwa, akampigia mtu simu wapokelewe kwa daktari wa watoto siku ile ile, akawaeleza kumpa maji ya chumvichumvi na kuendelea kumnyonyesha. Bibi akamshika mkono, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), akairudia. Hawakulipishwa hata mia. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota hata kama wasingemgusa mwanangu.

Haya, kasoro. Ngazi ni nyembamba na kali, ukiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi unafika juu unahema, na mama mjamzito au mtu mwenye magongo hapo ni mateso, walifikirie kwa kweli. Jumamosi foleni ni ndefu kupita kiasi, tulipewa saa tukaja kuingia muda umepita sana na hamna aliyekuja kutuambia kinachoendelea, watoto wana njaa wanaanza kugombana. Chumba cha kusubiria ni baridi, kipindi cha mwezi wa sita na wa saba ndo usiseme, na vitabu vya watoto vilivyopo vimechanika vyote. Dada wa mapokezi ni mkarimu ila bei hazijabandikwa popote, lazima uulize kimoja kimoja. Sisi kumuona daktari ilikuwa sh 15,000 na eksirei ndogo sh 10,000, matibabu ya lile gego na kofia yake ni hela ya maana, ila wanakubali ulipe kwa awamu mbili ukiongea nao. Wenye bima ulizeni kabla hamjakaa kwenye kiti, kofia inaweza isiwemo.

Ushauri waliotupa wa nyumbani nao niuweke kwa kifupi. Mswaki unaanza jino la kwanza likichomoza, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele mpaka miaka 3, baada ya hapo kiasi cha njegere, na mkubwa ndo apige mswaki kwa sababu mkono wa mtoto haufiki nyuma. Usiku mswaki ukishapita ni maji tu, asilale na chupa ya maziwa wala juisi mdomoni. Ganda gumu la jino la utoto ni jembamba kuliko la mkubwa na chumba cha neva ni kikubwa, tundu likianza linafika ndani haraka, ndo maana wanataka kumwona mtoto mara ya kwanza akifikisha mwaka mmoja hata kama meno yake yako safi. Na mtoto akiwa na jino lenye usaha usikae nalo nyumbani ukisema ni la utoto, ule usaha unakaa kwenye mizizi, na jirani kabisa na hiyo mizizi ndo lilipo lile jingine, linaweza kutoka na madoa au na ganda bovu.

Kama unaenda, nenda siku za katikati ya wiki asubuhi, mtoto awe ameshakula, beba sweta na maji, na kama ulishapigwa picha ya meno sehemu nyingine ibebe usilipie mara mbili. Ukiwa ndani waambie unataka kuona mzizi kwenye skrini kabla hujakubali chochote, pale Soweto hawakasiriki, wanavuta kiti wanakuonyesha.